Tokeni zako zinaishia bafuni

Uliza watu kumi kwenye ploti yoyote kwa nini tokeni zinaisha mbio, na utapata majibu kumi. Huyu atasema wanakata kisirisiri. Yule atalaumu friji. Mwingine atakwambia ni watoto, hawazimi TV. Ukiwauliza ni nani kati yao alitazama mita jana usiku akaandika namba, wote watakuangalia kama umetoka mbali.

Maoni yangu ni kwamba kile kidude cha kuingizia tokeni, chenye vitufe na kioo kidogo, ndicho chombo cha pesa kinachodharauliwa kuliko vyote kwa nyumba. Salio la simu tunaliangalia mara tano kwa siku. Salio la stima tunaliangalia mara moja, taa zikishazima. Tena kwa nyumba nyingi kidude chenyewe hakiko kwa soketi, kimetupwa kwa droo na betri zake zimeisha, kinatafutwa saa mbili usiku kwa tochi ya simu.

Uingereza, familia iliyowekewa mita mpya hupewa skrini ndogo ya kuweka jikoni au sebuleni. Inaonyesha matumizi kwa pesa, pauni na senti, na nyingi zina rangi: kijani ukitumia kidogo, nyekundu ukizidisha. Kule mzigo mkubwa ni kupasha nyumba joto wakati wa baridi. Sisi kidude chetu kinaonyesha yuniti tu, na yuniti haziumi kama shilingi. Ndiyo maana mtu anaona 14.6 kwa kioo na hajui kama hiyo ni siku mbili au wiki mbili.

Hesabu ya kugeuza yuniti kuwa shilingi unayo tayari kwa simu. Meseji ya Kenya Power inayokuletea zile namba 20 za tokeni inakuja pia na Units na Amt. Gawanya Amt kwa Units. Ulilipa 500 ukapata yuniti 16.5? Basi yuniti moja imekugharimu shilingi 30 na senti kidogo, ushuru na makato yote yakiwa ndani. Hiyo ndiyo bei yako halisi. Usiongozwe na ile ya gazetini, kwa sababu ya gazetini mara nyingi ni bei ya msingi kabla ya VAT ya asilimia 16, gharama ya mafuta, tofauti ya dola na tozo nyinginezo. Hizo za kubadilika zinabadilika, kwa hivyo rudia hesabu kila ukinunua.

Sasa twende bafuni, maana pesa iko huko.

Huku kwetu watu wengi hawapashi nyumba joto, wanapasha maji. Shawa ya stima inayouzwa sana madukani ina nguvu ya wati 5,500 ukiiweka kwa moto wa juu kabisa. Taa ya LED ni wati 9. Maana yake shawa moja ikiwa imewashwa ni kama taa 600 kwa pamoja. Mtu akioga dakika 8, ametumia karibu yuniti 0.73. Familia ya watu wanne, kila mmoja dakika zake 8 kwa siku, inafika yuniti 2.9 kwa siku na 88 kwa mwezi. Hapo bado hujawasha taa, hujapiga pasi, hujachaji simu. Kwa shilingi 30 kwa yuniti, hiyo ni zaidi ya 2,600 kwa mwezi kwa maji ya kuoga peke yake.

Linganisha na hii: ndoo ya lita 15, kutoka maji baridi ya nyuzi 18 hadi maji ya kuoga ya nyuzi 40, inahitaji karibu yuniti 0.4. Ukiwa na gesi, pengine hata stima huitaji. Sisemi kila mtu arudi kwa ndoo. Mtu aliyelipa fundi aweke shawa anataka kuitumia, na ni haki yake. (Zile koili za kutumbukiza kwa ndoo sizipendekezi kabisa, zimerusha watu wengi.) Ninachosema ni ujue unanunua nini.

Kuna jambo moja kuhusu hizi shawa ambalo mafundi hawatuambii. Kiasi cha stima kinaamuliwa na ile swichi ya moto, si na maji. Ukifungua bomba sana, maji yanapita haraka, yanatoka vuguvugu, na wewe unaenda kuongeza moto. Fanya kinyume. Weka moto wa kati kisha punguza bomba pole pole hadi maji yapate joto unalotaka. Maji yatakuwa machache kidogo lakini yatakuwa moto, na mita itapumua.

Usiniamini mimi, iamini mita. Soma yuniti kwa kidude kabla mtu wa kwanza hajaingia kuoga, soma tena wa mwisho akitoka. Fanya hivyo asubuhi tatu. Kodi ya kuonyesha salio inategemea aina ya mita uliyowekewa, iko kwa kile kikaratasi kilichokuja nayo, na kama kilipotea uliza jirani mwenye kidude kama chako. Siku ya nne kila mtu apunguze dakika tatu, usome tena. Kwa uzoefu wangu watoto hubadilika haraka kuliko wazazi, hasa ukiwaambia tofauti kwa bob badala ya yuniti.

Ukitaka kupima kifaa kimoja kimoja, tazama ile taa nyekundu inayopepesa kwa mita yenyewe. Kando yake pameandikwa namba na imp/kWh. Kama ni 1000, basi taa ikipepesa mara 1000 umemaliza yuniti moja. TV ya wati 60 ikiwa peke yake itaifanya ipepese mara moja tu kwa dakika. Birika la wati 2,000, mara 33 hivi. Shawa ya wati 5,500, zaidi ya mara 90 kwa dakika, hadi macho yanachoka. Hakuna mahubiri ya kubana matumizi yanayoshinda kuona hiyo taa ikikimbia namna hiyo.

Taa hiyo hiyo inasema na mengine. Zima kila kitu, chomoa hata friji, kisha itazame dakika kumi. Ikiendelea kupepesa, kuna mzigo kwa laini yako ambao si wako. Dada mmoja ninayemfahamu, mpangaji upande wa Rongai, alifanya hivyo akakuta mita yake haitulii. Kumbe taa za ngazi na za geti la ploti nzima zilikuwa zimeunganishwa kwa laini yake. Alichukua video ya mita ikipepesa nyumba ikiwa giza, akaandika yuniti za usiku na za asubuhi kwa siku saba, akapeleka kwa karetaka. Bila ile karatasi angeambiwa anatumia vibaya. Mpangaji asiye na namba hana kesi.

Kwa nini nasisitiza yuniti na si pesa uliyotuma? Kwa sababu ya ngazi za bei. Bei zilizoanza Aprili 2023 ziliwagawa wateja wa nyumbani katika makundi matatu: wanaotumia hadi yuniti 30 kwa mwezi, walio kati ya 30 na 100, na wanaopita 100. Kabla ya hapo mstari wa bei nafuu ulikuwa kwa 100. Bei za msingi zilipotangazwa zilikuwa 12.22, 16.30 na 20.97, na kundi lako linapatikana kwa wastani wa matumizi yako ya miezi mitatu. Ukiingia kundi la juu, bei mpya inashika yuniti zako zote, hata zile za taa. Chukua nyumba ya yuniti 90: kwa hizo bei, msingi wake ni shilingi 1,467. Ikipanda hadi 105, msingi unafika 2,201. Yuniti 15 zimeongeza zaidi ya 700, kabla ya ushuru. Na yuniti 15 kwa mwezi ni nini? Ni dakika kama tano na nusu za shawa kwa siku.

Hapa ndipo lawama nyingi zinapotoka. Mtu anasema, "Mwezi uliopita 500 ilinipa nyingi, mwezi huu wamenipunja." Inawezekana tozo zimepanda. Inawezekana kuna deni la zamani linakatwa. Lakini mara nyingi amevuka mstari bila kujua, na atakaa huko juu hadi wastani wa miezi mitatu ushuke. Kuna pia imani kwamba ukinunua tokeni za 50 au 100 kila siku unapata chache kuliko ukinunua mara moja. Bei ya yuniti haitokani na idadi ya mara ulizonunua. Imani hiyo, nadhani, ni mabaki ya ile ada ya kila mwezi ya shilingi 150 iliyokuwa ikikatwa, ambayo iliondolewa mwaka 2018. Angalia tu kama njia unayotumia kulipa ina ada ya muamala, kwa sababu ada ndogo mara 20 si ndogo tena.

Wanaonunua kidogo kidogo siwalaumu. Anayelipwa kwa siku hununua kwa siku, unga, mafuta na stima. Lakini ni yeye hasa anayefaidika na kidude, kwa sababu yuko karibu na mstari wa 30. Nyumba ya chumba kimoja yenye taa, TV, redio na simu inaweza kabisa kukaa chini ya 30. Ukiongeza birika la kuchemshia chai mara nne kwa siku umetoka.

Mwezi Juni hadi Agosti mambo hubadilika, hasa Limuru, Nyahururu, Kinangop na hata Nairobi yenyewe. Maji ya tangi yanaingia bafuni yakiwa baridi zaidi, kila mtu anakaa shawa muda mrefu, na siku hizi kuna hita za chumba zinauzwa kila supamaketi. Hita ya wati 2,000 kwa saa tatu kila jioni ni yuniti 6 kwa siku, 180 kwa mwezi. Hiyo peke yake inakutupa kundi la juu, na kwa sababu ya wastani wa miezi mitatu, bili ya baridi ya Julai inaweza kukufuata hadi Septemba. Kama lazima uwashe, funga mlango, weka kitambaa chini ya mlango, washa nusu saa kabla ya kulala uzime. Mwenye mtoto mchanga au mzee mgonjwa ni hesabu tofauti, hapo joto linakuja kwanza na pesa itafutwe.

Na kwa kuwa kidude kimeanza kuzungumziwa, wakora nao wamesikia. Mwaka 2024 mita zote za tokeni zilihitaji kusasishwa kabla ya Novemba 24, na mteja akinunua alipata namba za ziada za kuingiza kabla ya tokeni yenyewe. Ilikuwa bure. Akikupigia mtu leo akitaka PIN yako ndiyo "afungue mita", kata simu.

Kampuni za malipo, hii ikiwemo, nazo zina kazi hapa. Tunakuonyesha ulituma shilingi ngapi kwa paybill 888880 mwezi huu, lakini hatukuonyeshi hizo pesa zilikuletea yuniti ngapi. Ningependa kuona kwa taarifa ya kila mwezi mstari mmoja tu: umenunua yuniti 83, umebakisha 17 kufika 100. Hadi siku hiyo, daftari la mtoto na kalamu vinatosha. Andika tarehe, yuniti za jioni, yuniti za asubuhi. Na kidude kitoe kwa droo, kirudishe kwa soketi.