Mwenye Pesa Kidogo Anunue Upana

Na Chepkoech Mwangi

Vijana wanaovua kwa miguu katika Ziwa Naivasha huingia majini hadi kifuani, nyavu mkononi, kwa kuwa hawana chombo. Maji hayo hayo ndiyo makao ya kiboko mchana kutwa. Ndiyo maana mvuvi mwenye pesa kidogo anapouliza anunue chombo gani, anauliza habari ya uhai wake.

Tumchukue mkazi wa Nakuru anayependa uvuvi wa ndoana na ambaye sasa anaifikiria kayaki. Ziwa Nakuru lenyewe limo ndani ya mbuga ya taifa. Basi safari yake ni Naivasha, kwa samaki aina ya besi walioletwa kutoka Marekani mwaka 1929, au Ziwa Baringo.

Kayaki ndefu na nyembamba huvutia kwa kasi yake. Lakini mvuvi huinama, hugeuka, hurusha ndoana na kumvuta samaki upande mmoja. Chombo chembamba humpindua. Pesa zake ziende kwenye upana: kayaki ya plastiki nzito, hata kama imeshatumika, yenye urefu wa mita tatu hivi na upana wa sentimita 80 au zaidi, ya kukalia juu. Hiyo ina matundu ya kutolea maji. Ile ya kukalia ndani ikipinduka hujaa, na kuimwaga katikati ya ziwa ni kazi ngumu mno.

Watu wa jamii ya Ilchamus wa Baringo walilijua jambo hili zamani. Hufunga pamoja vijiti vya ambachi, mti mwepesi sana, wakapata chombo ambacho mtu mmoja hukibeba mwenyewe. Maji hupenya kati ya vijiti na kutoka, basi hakuna pa kujaa. Wakirudi nchi kavu hukianika juani kikauke. Anayenunua kayaki leo hana budi kujifunza kwao kabla ya kumsikiliza muuzaji.

Kayaki ya kujazwa upepo ni rahisi, na hukunjwa ikaingia kwenye matatu. Hata hivyo maziwa ya Bonde la Ufa yamepanda sana tangu miaka ya 2010. Baringo imemeza migunga, nyua na majengo; mwaka 2020 maji ya Naivasha yaliingia mtaa wa Kihoto. Seng'enge iliyozama haionekani, nayo huchana mpira mara moja.

Naivasha haina mamba, Baringo inao. Viboko wako kote kuwili. Kabla ya kushusha chombo, mvuvi aende kwa kamati ya ufuo, pale Kamere kwa Naivasha au Kampi ya Samaki kwa Baringo, aulize habari ya leseni na mahali viboko wanapolala. Atoke alfajiri, arudi kabla ya upepo wa alasiri. Na jaketi la kuokoa maisha linunuliwe kwanza: mwenye pesa ya kayaki pekee na angoje mwezi mwingine.