Waraka kwa Wanachama: Maswali ya Mlo na Mazoezi Yana Wenyewe

Kwa: Wanachama wote wa klabu yetu ya jogging
YAH: USHAURI WA MAZOEZI NA LISHE

Ndugu wanachama,

Siku hizi kundi letu la WhatsApp limegeuka hospitali isiyo na daktari. Asubuhi huyu anatuma klipu kwamba ugali ni sumu, jioni yule anajibu kwa nyingine inayosifu ndimu na maji ya moto kuyeyusha mafuta ya tumbo. (Haiyeyushi.) Hayo yangeishia kwenye utani, ila uongozi umepata habari kwamba wapo waliopunguza vidonge vya presha kwa sababu "sasa nakimbia". Hapo ndipo tulipoona tuandike.

Presha ikishuka kwa mazoezi ni jambo la kushukuru, lakini wa kupunguza dozi ni daktari. Rudi kliniki, mweleze kwamba umeanza kukimbia, akupime, aamue yeye. Wenye kisukari tunawasihi zaidi. Mazoezi hushusha sukari, na anayetumia insulini au baadhi ya vidonge vya kisukari akikimbia hajatia kitu tumboni, sukari inaweza kushuka mno: atatetemeka, atatoka jasho la baridi, atachanganyikiwa, na sisi tutadhani ni uchovu. Muulize daktari wako ule nini kabla ya kukimbia, upime sukari wakati gani, na mfukoni ubebe nini. Kisha mjulishe unayekimbia naye.

Kuhusu chakula, wengi hawajui kwamba halmashauri zetu zina maofisa lishe, nao wanalipwa kwa kodi zetu. Waulizie hospitali ya wilaya au ofisi ya mganga mkuu. Ngazi ya taifa ipo Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1973. Wataalamu hawa wanaijua dona, maharage, dagaa na mchicha; hawatakutuma kutafuta mbegu za kuagizwa nje kwa bei ya kilo kadhaa za nyama. Ukienda, andika kwanza ulichokula siku mbili tatu, pamoja na ile supu na chapati za baada ya jogging. Na hapo tuambiane ukweli: Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, nasi supu iliyokwisha kuungwa tunainyunyizia tena mezani kabla hata ya kuionja.

Kocha wetu anajua kukimbiza watu. Mwulizeni mwendo, pumzi na viatu. Goti linalouma wiki nzima mpelekee mtaalamu wa fiziotherapia, na maumivu ya kifua ukiwa unakimbia ni ya hospitali siku hiyohiyo. Shirika la Afya Duniani pia linataka dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na siku mbili au zaidi za kuimarisha misuli, kwa hiyo mbio zetu za Jumamosi peke yake hazimtoshi mtu.

Anayekushauri huku mkononi ameshika unga wa protini au chai ya kupunguza tumbo anatafuta mteja. Kuanzia sasa bidhaa hizo haziuzwi kwenye mazoezi yetu, na klipu ya afya isiyoonyesha msemaji ni nani na amesomea nini itafutwa kwenye kundi.

Kila mwenye miaka 40 na kuendelea, na yeyote mwenye presha au kisukari, apime afya kabla ya Jumamosi ijayo katika kituo cha afya kilicho karibu naye, kisha amweleze kocha kama ameruhusiwa kukimbia. Asiyejua aanzie wapi anione mapema. Jumanne asubuhi nitakwenda kupima mwenyewe, tufuatane.

Wenu,
Katibu