Mtoto Achorapo Panya wa Umeme

Leo nina kisa cha kukueleza, na mkosa katika kisa hiki ni mimi mwenyewe. Mwezi uliopita nilifungua daftari la hesabu la mjukuu wangu wa miaka kumi, nikakuta kurasa nne hazina hesabu hata moja. Zimejaa panya wa manjano mwenye masikio marefu yenye ncha nyeusi, mashavu mekundu na mkia uliopindapinda kama radi. Hasira zilinipanda. Nikazichana kurasa zile mbele yake, nikamwambia aache kupoteza wino kwa vitu vya watu. Hakunijibu neno. Aliviokota vipande vyake akaenda zake.

Usiku ule mamake aliniletea daftari jingine kuukuu. "Baba," akaniambia, "mtoto huyu amemchora panya yule yule kila siku tangu mfungo uishe." Nikatazama. Wa kwanza alikuwa kama kiazi kilichoota masikio. Wa mwisho alikaribia kuruka kutoka karatasini. Hapo ndipo nilipoona haya, nikaanza kuuliza habari za panya huyo.

Jina lake ni Pikachu, kiumbe wa mchezo wa video uitwao Pokémon, uliotoka Japani mwezi wa Februari 1996. Mchezo wa kwanza ulikuwa na viumbe 151, nao ulichezwa kwenye Game Boy, chombo cha kushika mkononi ambacho kioo chake hakikuwa na rangi ila vivuli vinne tu. Kwa Kijapani "pika" ni mmemetuko wa mwanga, na "chu" ni mlio wa panya. Aliyemchora mwanzo ni bibi mmoja, Atsuko Nishida. Yeye ameeleza kwamba alianza na umbo la daifuku, tamutamu laini ya mchele ya kwao, kisha akamtazama kindi ambaye huweka chakula mashavuni. Nishida akaweka umeme mahali pa chakula.

Naye Satoshi Tajiri, mwenye wazo la mchezo wenyewe, alikulia Machida, pembezoni mwa Tokyo, na utotoni mwake alikuwa mkusanyaji wa wadudu. Mji ulipopanuka na mashamba kujengwa majumba, wadudu walipungua. Akataka watoto wa mjini nao waionje raha ile ya kusaka na kukusanya. Basi viumbe hawa wa ajabu chanzo chao ni watu waliotazama kwa makini vilivyo hai karibu nao.

Lakini lililonigusa zaidi ni habari ya Ken Sugimori. Mwaka 1983 Tajiri alianzisha gazeti dogo la wapenzi wa michezo hii, akiliandika kwa mkono na kulibana kwa pini. Sugimori alikuwa msomaji tu. Alilipenda gazeti lile, akamwendea mwenyewe akajitolea kulichorea picha. Gazeti hilo ndilo lililozaa kampuni ya Game Freak mwaka 1989, na Sugimori ndiye aliyechora picha rasmi za viumbe wote 151. Huyo aliingia kazini kwa mlango wa mapenzi. Lau mtu angalimchania karatasi zake!

Huko kwao hawaoni ajabu mtu kuchora akipendacho. Tangu Desemba 1975 wapenzi wa hadithi za picha wana soko lao Tokyo, liitwalo Comiket, wanakouziana vijitabu walivyovichora wenyewe. Na katika miaka ya 1997 na 1998 gazeti la watoto la CoroCoro Comic liliwaita wasomaji wake washindane kuchora. Washindi walipewa kadi ya Pikachu akiwa na zana za uchoraji, kadi iliyochorwa na Nishida mwenyewe.

Najua yatakayosemwa. Wa kwanza atasema kuiga ni kuiba. La, kuiga si kuiba, maadamu mtoto hadai kuwa kiumbe ni wake, wala haendi kumfanyia biashara bila ya ruhusa ya mwenyewe. Mwanafunzi wa khati huanza kwa kufuata mkono wa mwalimu wake, herufi kwa herufi. Mchonga milango huanza kwa nakshi za fundi wake. Hakuna aliyewaita wezi.

Wa pili ataleta suala la dini, nalo si la kupuuzwa. Wanazuoni wamehitilafiana juu ya kuchora vyenye roho, na huko Saudia mwaka 2001 mchezo huu na kadi zake ulipigwa marufuku, kwa hoja, miongoni mwa nyingine, kwamba una sura ya kamari. Mimi si mwanachuoni. Mwenye shaka na amuulize anayemwamini kwa elimu yake, lakini aulize kabla ya kuchana karatasi. Kumkataza mtoto kwa hoja ni malezi. Kumkataza kwa hasira kunamfunza kuficha.

Wa tatu atasema, na hesabu je? Hapo ni haki yake. Hesabu zina daftari lake, na picha sasa zina lake, nililomnunulia mimi.

Jioni moja nilimwomba mjukuu wangu radhi, kisha nikaketi naye kibarazani nijaribu mkono wangu. Nikatoa kitu mfano wa paka mgonjwa. "Babu," akaniambia, "mashavu umeyateremsha sana, na mkia hukuutazama." Kweli sikuutazama. Mtoto huyu kwa mwezi mmoja alikuwa amejifunza kutazama, elimu ambayo wengi wetu tunazeeka bila ya kuipata.

Neno langu kwa wazazi wenzangu ni moja. Tusiwapokonye watoto kalamu kwa sababu wamependa kiumbe cha mbali. Tuwaongoze hatua ya pili, ile waliyoianza nayo Tajiri na Nishida: watazame vya kwao. Nimemwonyesha wangu komba aliaye usiku kwenye mwembe wetu, na macho yake makubwa. Bado anamchora Pikachu, wala simkatazi. Lakini juzi niliona ukurasa mmoja wa komba, amefutwafutwa mara nyingi, na macho bado hayajamkaa sawa. Nimeuacha daftarini.