Bibi hakudanganyika mara ya pili

Leo tuwaweke pembeni wapenzi na visa vyao, maana mie nimemkumbuka Bibi yangu, mzaa mama, wa Ngamiani pale Tanga.

Nilimkuta keshazeeka, anauza vitumbua barazani, miwani imefungwa uzi. Wajukuu wa kiume wote tulikuwa "waume" zake. Ukichelewa kurudi anakununia kweli, eti umeongeza mke.

Lakini sifa yake ilikuwa kusoma. Alisoma jina la kanga, karatasi ya kufungia maandazi, na magazeti kama haya, tena kwa sauti, hata zile kurasa za aibu, mpaka wapita njia wanasimama. Siku moja kaikamata simu yangu, kakuta meseji ya binti. Kaichambua herufi kwa herufi, halafu kanitazama: "Mume wangu, mke mwenzangu huyu mbona maneno kayang'oa irabu zote?" Nilitamani ardhi ipasuke!

Sasa sikia kisa chenyewe. Mwaka 1968 shemeji yake alimletea karatasi, akasema ni ya kodi ya shamba. Bibi kachovya dole gumba kwenye wino, kagonga. Kumbe kauza! Shamba la minazi aliloachiwa na baba yake likaenda hivi hivi. Alipolalamika, akaonyeshwa dole lake mwenyewe.

Hakuwa peke yake. Miaka ile watu wazima zaidi ya 60 katika kila 100 nchini hawakujua kusoma. Mwalimu Nyerere akautangaza 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na madarasa ya kisomo yakafunguliwa, mengine chini ya miembe. Bibi hakukosa hata siku, mama yangu yuko mgongoni. Mwalimu wao alikuwa kijana aliyemaliza la saba juzi tu, anaona haya kuwafokea mama zake.

Mwaka 2018 nikapata pikipiki ya mkataba. Kalamu mkononi, roho kwatu! Bibi kaiomba karatasi, kavaa miwani. Nusu saa nzima, tajiri anaangalia saa. Kidole kikasimama mahali: dereva akikosa hesabu siku tatu, pikipiki inarudi, na alichokwisha lipa hadai. Bibi kamrudishia karatasi yake, na vitumbua viwili vya njiani. Nilimchukia wiki nzima, si uongo. Rafiki yangu ndiye aliyeuchukua mkataba ule. Mwezi wa kumi malaria ikamlaza siku nne, na pikipiki ikaenda.

Bibi alifariki 2021. Mama wakubwa na mama wadogo waligawana kanga, wakagombana kidogo, mie nikapewa ile miwani. Lile shamba siku hizi lina gesti. Kila tulipopita pale Bibi alisimama, akakisoma kibao chake chote kwa sauti, mpaka namba ya simu, ndipo tukaendelea na safari.

Haya, tukutane wiki ijayo.