Usimlipie Fuliza Kisha Umwachie Limiti

Wasee, tuambiane ukweli. Kijana wa chuo akishikwa na ugonjwa wa kubeti huku kwetu Matulo, familia hufanya kitu kimoja. Gunia la mahindi linauzwa, madeni yote ya simu yanalipwa siku hiyohiyo, kijana anaombewa, anaambiwa "usirudie." Kila mtu anaenda kulala akijua ameokoka. Mimi nasema mmemjazia tangi tu.

Angalia vile hii mikopo inafanya kazi. Ukimaliza deni la Fuliza, limiti inakungoja palepale. Hakuna fomu ya kujaza, hakuna wa kukuuliza pesa ni ya nini. Kwa mtu aliyeacha Aviator wiki mbili tu zilizopita, hiyo ni kama kumtoa mlevi kwa mama pima halafu unampa ufunguo wa stoo.

Najua mtasema, "Kwani hana nidhamu?" Shirika la Afya Duniani limeweka uraibu wa kamari kwenye orodha yake ya magonjwa. Huwezi kumwambia mgonjwa ajikaze huku dawa ya kumuua iko mfukoni mwake saa 24.

Serikali nayo? Aprili 2025 ilisimamisha matangazo ya kamari kwa siku 30. Sawa, tulipumua kidogo. Lakini tangazo lilizimwa mwezi mmoja, limiti haikuzimwa hata siku moja. Tunapigana na redio wakati adui yuko kwa simu.

Halafu kuna ile akili ya "nitakopa huku nilipe kule." Piga hesabu. M-Shwari ni 7.5% kwa siku 30, kabla ya ushuru. Ukikopa 2,000 hiyo ni bob 150. Usipolipa kwa wakati unakatwa tena. Hustler Fund, ambayo watu huicheka, ni 8% kwa mwaka mzima. Kwa hivyo kukopa M-Shwari ndiyo uzibe shimo lingine ni kuchimba shimo la tatu, na komredi anayeacha kubeti akiona mashimo yanaongezeka, kichwa kinamwambia mkeka mmoja tu utamaliza yote. Hapo ndipo watu hurudi.

Sasa kama kweli mnataka kumsaidia, fanyeni hivi. Akae na mtu mmoja anayemwamini, mama, mjomba au kaka mkubwa, waandike kila deni kwenye karatasi. Yote, hata ya rafiki wa hosteli. Fuliza ilipwe kwanza kwa sababu inakata kila siku, na siku hiyo ikifika sifuri ajiondoe kwenye huduma yenyewe. Si kesho, siku hiyohiyo. Madeni mengine yalipwe pole pole, kwa kiasi alichoandika, bila kukopa mapya.

Pesa ya nyumbani isipite kwa simu yake. Kodi mtumie landilodi, karo mlipe chuoni. HELB yenyewe hupeleka karo moja kwa moja chuoni, na hakuna anayesema inamdharau mwanafunzi. Tena mkimtumia akiwa bado na deni la Fuliza, Fuliza itakula kwanza, yeye alale njaa, na njaa ni rafiki wa kamari.

"Na akipata dharura?" Apige simu nyumbani kama vile watu walikuwa wakifanya kabla ya 2019, Fuliza haijazaliwa. Aibu ya kuomba mia mbili kwa mama ni ndogo kuliko aibu ya kuuza gunia la pili.

Sisemi Fuliza ni shetani. Mama mboga inamsaidia. Lakini limiti si pesa yako, na kwa kijana anayepona ni mlango wazi. Deni mnaweza kulilipa mara kumi. Kama mlango haujafungwa, mnalipia tu safari yake ya kurudi.