Simu ya Mezani Isizimwe Kabla Mzee Hajapewa Betri

Uingereza inakusudia kuuzima mtandao wake wa kale wa simu za nyaya za shaba mwishoni mwa Januari 2027. Simu za mezani zitapita kwenye intaneti, na nyumba nyingi zitaunganishwa kwa faiba inayofika hadi ndani. Uamuzi wenyewe ni sahihi: mitambo imechakaa, vipuri vimeadimika, na faiba haidhoofiki kwa umbali kama shaba. Lakini shaba ilikuwa na fadhila moja kubwa, kwamba ilibeba umeme wake kutoka kituo cha simu. Mtaa mzima ukiingia gizani, simu bado iliita. Ruta ya faiba hutegemea umeme wa nyumbani.

Wapo wanaosema kila mtu ana simu ya mkononi. Si hoja kwa wanaoishi pasipo na mtandao, na minara nayo huhitaji umeme. Dhoruba Arwen ya Novemba 2021 iliziacha maelfu ya nyumba gizani kwa siku kadhaa. Mdhibiti wa mawasiliano, Ofcom, anataka wasio na njia nyingine wahakikishiwe angalau saa moja ya kupiga simu za dharura umeme ukikatika. Saa moja, katika usiku wa dhoruba! Takriban watu milioni 1.8, wengi wao wazee, hutegemea vifaa vya kuitia msaada, na baadhi ya vifaa hivyo vilishindwa kufanya kazi baada ya kuhamishiwa mtandao mpya, hata Desemba 2023 kampuni za simu zikakubaliana na serikali kusitisha uhamishaji wa lazima. Kumtuma fundi kujaribu kila kifaa na kuacha betri ya kutosha ni gharama kubwa, kweli. Lakini kampuni ndizo zinazozima, nazo ndizo zilipe.