Plastiki Nyeusi za Motokaa

Kijana mmoja katika wasomaji wetu atuletea mashitaka: plastiki nyeusi za motokaa ya baba yake, yaani bampa na zile kingo zilizo juu ya magurudumu, zimegeuka kijivu. Kila Ijumaa huzisugua kwa sabuni, wala hazirudi. Jirani amemshauri atumie petroli. Amefanya vyema kuuliza kwanza.

Yafaa ijulikane kwamba kijivu kile si uchafu. Plastiki hizo aghlabu ni polipropilini, aliyofanikiwa kuitengeneza Giulio Natta huko Milan mwaka 1954. Hazikupakwa rangi, weusi wake ni wa masizi laini yaliyochanganywa ndani, nayo huzikinga na jua, lakini si milele. Miale ya jua hukatakata minyororo ya chembe zake, na uso wa juu ukawa kama chaki. Basi sabuni huondoa vumbi. Kilichokwisha kuliwa na jua haikirudishi. Petroli nayo yaweza kuzidi kuifubaza, tena ni hatari ya moto.

Iko michirizi meupe mingine, nayo ni nta ya kung'arishia rangi iliyonasa katika vitundu. Hiyo jaribu kuitoa kwa brashi laini na maji vuguvugu ya sabuni.

Namna ya kazi ni hii: motokaa iwe kivulini na plastiki iwe imepoa. Osha, suuza, kisha ngoja ikauke kabisa hata mianyani. Hapa ndipo vijana wengi huharibu kwa haraka. Paka kidogo dawa ya plastiki yenye kinga ya jua, ufute iliyozidi. Usiipake pedeli wala usukani, maana huteleza.

Ama mafuta ya kupikia, hung'aza siku mbili tatu tu, yakakusanya vumbi. Na wako wauzaji wa motokaa kuukuu wayapakao asubuhi ya siku ajayo mnunuzi. Huo ni ughushi, hata ikiwa bei ni nzuri. Akina baba, mwombeni muuzaji ruhusa, mfute pembe ya bampa kwa kitambaa cheupe chenye sabuni. Ukitoka weusi wa mafuta na chini pakaonekana kijivu, basi tazameni pia mipira ya milango na dashibodi, kwani jua lile lile limezipiga.

Motokaa ya baba wa kijana wetu, kwa alivyoeleza, hukaa juani tangu asubuhi hata alasiri. Na aisogeze upande wa pili wa nyumba, ila isiwe chini ya mwembe; utomvu wake una kazi nyingine.